Kitambaa cha Sista Radi

"Mabaki yangu yako wapi?"

Sista Radi aliuliza akiwa mbele ya kioo cha fundi cherehani, gauni jipya limembana kiunoni na pini mbili bado zimeshika bega. Alikuwa mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Jina la Radi alipewa na wanawake waliopita mikononi mwake, naye hakulipenda wala hakulikataa. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo, tumbo lake la miezi minane na ushei likimzuia kuinama, na swali lile nusura limmezeshe pini aliyoibana kwa meno.

"Mabaki, Sista?"

"Mabaki. Nilikuletea kitambaa kingi nikasema nataka gauni la marinda. Haya ni marinda au mikunjo ya mtu aliyelala na nguo? Nataka mkanda na kilemba cha kitambaa hikihiki. Mdogo wangu anaolewa wiki ijayo."

"Kilikuwa kifupi kidogo, Sista. Wenye maduka siku hizi wanapima huku wanavuta."

"Nilipima mwenyewe. Kwa mkono huu."

Katika kazi ya cherehani, mabaki ni mali ya fundi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila fundi wa mtaa ule alilalia mto uliojazwa vipande vya nguo za wateja. Ila mabaki ni kile kinachobaki chenyewe. Hakibakishwi. Na Fundi, ambaye hata mumewe alimwita Fundi, alikuwa amekibakisha. Aligeuza vipande vya sketi kichwa kwa miguu, akapunguza marinda, akaiba shubiri hapa na shubiri pale, mpaka kikapatikana kitambaa cha kuvisha mtoto. Sasa hivi kilikuwa chumba cha nyuma, chini ya kitanda: vishati vitatu, kofia mbili, na shuka dogo la kumfunikia. Pamba laini, rangi ya kiini cha yai, vitone vyeupe. Ungekiona umbali wa ng'ambo ya barabara ungesema, kile ni kitambaa cha Sista.

"Mbona unatoka jasho?" Sista alisema. "Simama."

Hakungoja ruhusa. Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo la Fundi, akabonyeza juu, akabonyeza ubavuni, uso wake ukabadilika kidogo.

"Kichwa hiki hapa juu. Huyu amekaa kitako kama bwana mkubwa barazani. Kliniki walikwambiaje?"

"Walisema atageuka."

"Ageuke aende wapi? Nafasi imekwisha. Sikiliza, Fundi. Usithubutu kuzalia nyumbani, wala kwa bibi yeyote mwenye mikono ya baraka. Mtoto wa hivi hutoka mwili mzima, halafu kichwa kinagoma. Uje kwangu. Umesikia? Kwangu mimi."

"Nimesikia, Sista."

"Na uje na vitu vyako vyote. Gauni nitalipitia Jumamosi jioni nikitoka kazini." Alilivua, akalikunja, akalitia mkononi mwa Fundi. "Pamoja na mabaki."

* * *

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye akili zake aliiba kitambaa cha mtu wa mwisho duniani wa kuibiwa, ulizia benchi la kliniki.

Mwezi wa tano wa mimba ya Fundi, Sista Radi alikuwa akiwakagulia wajawazito mifuko yao. Mwanamke mmoja alikuwa ametayarisha shati kuukuu la mumewe, limechanika kwapani. Sista alilinyanyua juu. "Mama, mtoto wako anakuja duniani, au anakuja kuosha magari?" Benchi zima lilicheka. Fundi naye alicheka, tena kwa sauti, na yule mwanamke akamgeukia akamtazama. Tangu siku hiyo kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Fundi mzima wa nguo, siku yake ikifika, atanyanyuliwa nini?

Pesa ya nguo za mtoto ilikuwapo. Kisha kompresa ya mumewe ikafa, na fundi pancha asiye na upepo ni mtu aliyekaa barabarani tu. Kompresa ikala pesa ya nguo. Vitu vingine walivipata kimoja kimoja, kwa akili: glavu, pamba na wembe vilinunuliwa, kila kimoja kwa wiki yake. Beseni lilikuwa ndoo ya rangi ya ukuta iliyokatwa katikati na kusuguliwa mchanga mpaka ikasahau ilikotoka. Na mpira wa kutandika kitandani, ule ambao hospitali inautaka bila mjadala, aliuleta mumewe mwenyewe, usiku wa siku ileile Sista alipodai mabaki. Watu walimwita Kiraka, kwa kazi yake.

"Tyubu ya lori hii," alisema akiutandaza sakafuni, tyubu iliyopasuliwa na kuoshwa kwa sabuni. "Tani kumi. Haivuji hii, hata azae mapacha."

"Kaka yangu," alisema dada yake, aliyekaa nao na ambaye mdomo wake haukujua kulipa kodi, "unangoja mtoto au gurudumu? Akizaliwa utamtia upepo?"

Siku nyingine wote watatu wangecheka. Usiku ule Fundi aliufungua mfuko wa chini ya kitanda, akatoa kishati kimoja, akakiweka juu ya tyubu.

"Ni kitambaa cha Sista," alisema. "Anakidai."

Kiraka alikitazama kishati, akamtazama mkewe. "Wewe si ulisema ni mabaki?"

"Ni mabaki niliyoyabakisha."

"Sista yupi?" aliuliza wifi. "Usiniambie huyo wa radi."

"Huyohuyo. Na mtoto amekaa kitako. Amenishika tumbo leo, anasema nizalie mikononi mwake, la sivyo kichwa kitakwama."

Kiraka aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake myeusi kwa gundi ilining'inia katikati ya magoti.

"Nenda kamwambie," alisema mwishoni. "Mwambie ukweli kabla ya Jumamosi."

"Halafu nikalale kitandani kwake nimpanulie miguu? Mtu niliyemwibia? Wewe hujalala pale. Hujui mtu anavyokuwa pale. Akikasirika kidogo tu, akichelewa kidogo tu, mkono wake ukiwa mzito kidogo tu..."

"Sista si mtu wa hivyo."

"Unamjua wewe? Wewe unajua matairi."

Wifi alikwenda asubuhi kutafuta kitambaa kama kile, akakikosa. Mwenye duka alikuwa amemaliza robota lote. Alichorudi nacho ni wazo, na vipakiti viwili vya rangi ya kuchovya nguo, buluu.

"Tuvichovye," alisema. "Vikishabadilika, nani atavijua? Gauni utampa, mabaki utasema panya wamekula. Nguo za mtoto zitakuwa nguo za mtoto, basi."

Fundi alijua rangi. Alijua kuwa rangi haishiki bila chumvi nyingi, na kwamba kitambaa kilichochovywa husuuzwa tena na tena mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kinaachia rangi yake kwa chochote kinachokigusa. Aliyajua yote hayo kama anavyojua njia ya cherehani yake. Lakini hofu ni mwalimu mbaya. Inakuharakisha kwenye mtihani usiokuwa wako. Walichovya Ijumaa jioni, ndani ya beseni la mtoto. Chumvi ilikuwa ya kuungia tu, nusu kikombe. Waliimimina yote humo.

Nguo zilitoka kijani kizito, kama chupa ya dawa ya kikohozi. Vitone vyeupe viligeuka buluu. Wifi alipiga makofi. Fundi alikisogeza kishati kimoja karibu na taa, akakigeuza pindo.

"Uzi," alisema.

"Uzi umefanyaje?"

"Umekataa." Uzi wa nailoni haunywi rangi ya pamba. Kila mshono ulibaki manjano vilevile, umezunguka kola na pindo, unang'aa juu ya kijani kama mtu anayekuchungulia.

"Nani atatazama uzi?" alisema wifi. "Kalale. Nitasuuza mimi."

* * *

Chupa ya uzazi ilipasuka Jumamosi asubuhi, Fundi akiwa kwenye cherehani, akishikiza kifungo cha mwisho cha gauni la Sista. Mwanzoni alidhani amemwaga kikombe cha chai. Kisha maumivu yakampanda kutoka kiunoni, akaushika ukingo wa meza, sindano ikiwa bado kwenye kidole.

"Imekuwa mapema," alimwambia mumewe. "Bado. Bado kabisa."

"Mtoto hana kalenda. Dada! Vitu!"

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na nguo kambani hazikukauka. Wifi alizivua hivyohivyo, mbichi, akazisokomeza mfukoni.

"Umezisuuza mara ngapi?" Fundi aliuliza kati ya pumzi na pumzi.

"Wifi, huu ndio wakati wa kuulizana masuuzo?"

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Maji yalikatika."

Kiraka alitoka na tyubu ya lori begani, na mkononi ameshika gauni la manjano, amelikunja vizuri kuliko alivyowahi kukunja chochote maishani mwake.

"Hilo la nini?"

"Tumpelekee kabisa. Labda moyo utapoa."

Ndani ya gari la jirani Fundi alimshika mumewe kifua. "Tusiende kwake. Twende hospitali nyingine, yoyote."

"Nyingine iko mbali, na wewe una mtoto aliyekaa kitako."

"Nitakufa kwa aibu."

"Aliyekufa kwa aibu huwa anapona," Kiraka alisema. Midomo yake ilikuwa imemkauka. "Endesha, ndugu yangu."

* * *

Sista Radi alimpokea mlangoni kwa kelele, kama kawaida yake. Nani kamruhusu atembee kwa miguu? Mume wake hajui kubeba mtu, anajua matairi tu? Panda. Lala. Vitu viko wapi?

Muuguzi msaidizi alifungua mzigo. Alitandaza tyubu, akanusa. "Mama, mpira huu umetoka wapi?"

"Kwenye lori," Fundi alisema.

Wanawake wawili wa vitanda vya jirani walicheka katikati ya uchungu wao. Fundi hakujali. Alikuwa akiutazama mfuko mwingine. Msaidizi aliingiza mkono, akatoa shuka dogo la kijani. "Hizi mbona mbichi?"

"Mvua."

Sista aligeuza shingo. Macho yake yalipita juu ya shuka, yakarudi tumboni. "Weka pale. Tuna kazi hapa."

Saa zilizofuata hazikuwa na mpangilio. Sista alifoka, akatania, akamtukana mtoto kwa kukaa kama karani wa serikali. Fundi alizishika kelele zile kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Kisha makalio yakaonekana, na mguu, na mguu wa pili, na Sista Radi akanyamaza.

Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli.

"Usisukume," Sista alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia wodini. "Ngoja. Ngoja, mwanangu. Bado." Mkono mmoja ulikuwa chini ya kifua cha mtoto, wa pili hauonekani. Msaidizi aliacha kuchezea glavu. Fundi alitazama dari, akaona doa la unyevu lenye umbo la mkasi, akaahidi vitu vingi kwa Mungu, vyote vya kweli. "Sasa. Sukuma sasa, kwa nguvu zote za mama yako."

Mtoto alitoka. Alikuwa wa kike, na hakulia. Sista alimpapasa mgongo, akamsugua, akamgeuza. Kimya. Akamsugua tena. Kisha pakatoka sauti kama mlango mkavu unaofunguliwa, halafu kilio chenyewe, chembamba, chenye hasira, na ngozi ikawaka wekundu kutoka kifuani mpaka vidoleni.

"Radi mdogo," Sista alisema, na kelele zikarudi. "Mfunike huyo! Kofia!"

Msaidizi alimvisha kofia ya kijani, akamviringisha ndani ya shuka la kijani, akamlaza mezani penye joto. Fundi alifumba macho. Machozi yaliingia masikioni. Imepita, alijiambia. Imepita na hakuona.

"Sista," msaidizi alisema baada ya muda. "Sista, njoo. Mtoto anabadilika rangi."

Fundi alifumbua macho. Kati ya mikunjo ya shuka, palipokuwa na uso mwekundu, sasa paji la uso lilikuwa buluu. Mashavu buluu. Kimkono kilichochomoka kilikuwa buluu mpaka kwenye kucha.

"Oksijeni," Sista alisema. Alikuwa ameshafika. "Kimbia kamwite daktari. Mwambie mtoto wa kitako, amekosa hewa. Kimbia!"

Fundi aliitazama buluu ile. Aliijua. Ilikuwa kwenye kucha zake mwenyewe tangu jana. Au alidhani anaijua. Na kama sivyo? Kama ni pumzi kweli, na yeye akafungua mdomo, na wao wakaacha kukimbia kwa sababu ya neno lake? Angekuwa amemuua mtoto wake kwa maneno. Na akinyamaza, watamtia mipira puani mtoto asiye na kosa, watampeleka asikojua. Alishika kingo za kitanda.

"Sista, usiache unachofanya," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Usiache, lakini mfute! Huenda ni rangi. Rangi ya nguo!"

"Rangi gani?"

"Nilizichovya. Jana. Hazikusuuzwa." Hata wenye uchungu wa vitanda vya jirani waliinua vichwa wasikie. "Ni kitambaa chako, Sista. Nilikiiba kitambaa chako, nikakichovya usikijue. Mfute, nakuomba. Mfute mtoto wangu!"

Sista Radi hakumtazama. Kwa kidole kidogo alifungua kinywa cha mtoto, akainama, akatazama ulimi. Akaweka sikio kifuani. Kisha akachukua pamba, akailowesha, akaipitisha shavuni, mara moja, polepole.

Pamba ilitoka buluu. Nyuma yake palibaki njia nyekundu, pana kama kidole, na mtoto akakunja uso akalia kwa ghadhabu ya mtu aliyemwagiwa maji.

Daktari aliingia mbio. "Yuko wapi?"

"Msikilize kifua," Sista alisema, "halafu urudi. Ulimi ni mwekundu kuliko wako. Amepakwa rangi tu."

Daktari alimsikiliza mtoto, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Sista alimvua mtoto kofia na shuka, akamfuta kuanzia utosini, pamba moja baada ya nyingine, mpaka rundo la buluu likajaa kando. Alipomaliza, alilinyanyua shuka kwenye mwanga. Fundi alijua kinachokuja. Ni zamu yangu ya kunyanyuliwa, aliwaza. Sista alikuwa akitazama pindo, mshono wa manjano uliopigwa nyoofu, karibukaribu, bila kuruka hata tundu moja la sindano.

"Huu ndio mkanda wangu," alisema. "Na hii kofia ndiyo kilemba."

"Ndiyo, Sista."

"Nilikuuliza usoni, ukaniambia wenye maduka wanavuta."

"Nilikuogopa."

"Uliniogopa." Sista alilitua shuka. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Mimi ninawafokea mje na nguo ili watoto wasipigwe na baridi. Wewe ukaenda ukatengeneza hii."

Mtoto alikuwa uchi mezani, anatetemeka kidevu, na nguo zote alizokuwa nazo duniani zilikuwa za kijani, mbichi.

"Amekuja na nini kingine?" Sista alimuuliza msaidizi.

"Hakuna. Kuna gauni, Sista. Baba yake kaliacha hapa. La manjano."

"Lete."

"Sista, hapana," Fundi alisema. "Harusi. Litachafuka."

"Harusi nitavaa la zamani. Hili linanibana, ulilipunguza marinda." Alilikunjua gauni, akamlaza mtoto katikati ya sketi, akamfunga kwa mikono ya gauni, kifungo cha mwisho kikiwa kimeshikizwa nusu. "Angalau yeye linamtosha." Akamleta, akamweka kifuani kwa mama yake, bila upole na bila ukali. "Utanishonea jingine. Kitambaa utanunua wewe, utalipa kidogo kidogo, sijali mpaka lini. Na mabaki utaniletea mkononi, hata yawe membamba kama uzi."

"Nitaleta."

"Najua utaleta. Sasa unajua na mimi naweza kuogopa," alisema Sista Radi, akavua glavu zilizokuwa buluu, na akaenda kitanda cha pili kufoka.

* * *

Rangi ilitoka mwilini mwa mtoto siku zilezile za kwanza, isipokuwa mahali pamoja: nyuma ya sikio la kushoto, doa dogo kama kichwa cha kiberiti. Kiraka alilionyesha kwa wateja wake kama alama ya kiwandani. Wifi alisema hilo ndilo tundu la kutilia upepo.

Fundi hakucheka. Kila alipoamka kumnyonyesha alimgeuza kwanza kichwa, akalilowesha doa kwa ncha ya kidole, akalisugua taratibu, kisha akatazama kidole chake. Kikiwa safi, asijue tena kama kweli ni rangi, aliweka sikio karibu na pua ya mtoto na kungoja. Pumzi ilikuja kila mara. Naye kila mara aliingoja mpaka ije.